Kupima distosheni ya ampu ya hedifoni za elektrostatiki: probu au kigawanya volti?

FundiMbezi: Wakuu, habari za jioni. Nina ampu ya hedifoni za elektrostatiki za Stax, bayasi (volti tuli za kuchaji hedifoni) 580, nataka kujua distosheni yake, yaani inachafua sauti kiasi gani. Kila upande wa autiputi unapanda hadi mamia ya volti, na kadi yangu ya sauti ya USB inapokea kama volti 2 tu. Nichukue probu ya 100:1 (inayogawa volti kwa 100) na oskiloskopu, probu ya difarensho (inayopima tofauti kati ya nyaya mbili), au nifunge kigawanya volti (rezista za kushusha volti) mwenyewe?

Ilala_Umeme: Kigawanya, mkuu. Oskiloskopu nyingi ni za biti 8, yaani ngazi 256 tu. Distosheni ikiwa chini ya asilimia 0.3 hivi unasoma makosa ya chombo. Probu ya difarensho ni salama, ila ina kelele na bei yake inauma.

SautiKigamboni: Naunga mkono, lakini rezista moja ya megaohmu 1 usithubutu. Thamani yake hucheza kidogo volti zikipanda, inazaa harmoniki ya tatu (mlio wa ziada wenye masafa mara tatu ya ule unaopima), halafu unaisingizia ampu. Nenda Kariakoo uchukue za filamu ya metali: 10 za kilohmu 100 mfululizo, kisha kilohmu 10 kwenda graundi. Volti 200 inatoka 2. Hiyo ya graundi fanya mbili za kilohmu 20 sambamba, moja ikiachia lehemu kadi isile volti zote. Halafu jaribu na 5 za kilohmu 200: harmoniki ya tatu ikipanda, kosa ni la rezista.

FundiMbezi: Upande mmoja unatosha?

Ilala_Umeme: Hapana. Pande mbili zinasukuma kinyume, na harmoniki shufwa (ya pili, ya nne n.k.) hufutana kwa sehemu kubwa. Ukipima mmoja unaionea ampu. Funga vigawanya viwili, kushoto na kulia kwa kadi, programu itoe mmoja kwa mwingine.

Mzee_wa_Valvu: Na mzigo jamani! Watu wanapima ampu tupu kisha wanajisifu. Hedifoni ni kapasita, takribani pikofaradi 120 na waya wake. Kwa kilohezi 1 ukinzani wake ni kama megaohmu 1.3, kwa kilohezi 20 inashuka hadi kilohmu 66, na huko ndiko ampu dhaifu inakolemewa. Badala ya hedifoni weka kapasita ya C0G (seramiki isiyoyumba na volti) ya volti 1000. Seramiki ya X7R yenyewe inachafua. Zima, subiri kapasita za pawa zimwage chaji, pima kwanza, ndipo ushike waya.

FundiMbezi: Nashukuru, mzee wangu. Nafunga kigawanya. Nitaleta grafu za kilohezi 1 na 10, kwa volti 100 na 200, zikiwa na mzigo na bila mzigo.