Mrejesho: Tumehamisha seva pepe za ofisi kwenda Proxmox

Wakuu, habari za siku. Niliuliza hapa namna ya kuhamisha seva pepe 14 za ofisi (seva za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine halisi) bila kufungwa tena na muuzaji mmoja, baada ya bei ya leseni kupanda ghafla. Asanteni sana, mmeniokoa.

Nilimfuata mdau aliyeshauri Proxmox, mfumo huria wa kuendesha seva pepe, kwa kuwa ndani yake ni KVM (teknolojia ya Linux ya kuendesha seva pepe), na diski za qcow2 (faili zinazobeba diski ya seva pepe) unaweza kuzibeba kwenda mfumo mwingine wa KVM wakati wowote. Za Linux zilihama wikendi moja. Za Windows ziligoma kuwaka, skrini ya bluu tu, maana sikuweka mapema draiva za VirtIO (programu zinazoiwezesha Windows kutumia diski za KVM). Dawa yake: washa diski kuu ikiwa SATA (aina ambayo Windows tayari inaitambua), ongeza diski ndogo ya VirtIO, sakinisha draiva, zima, kisha hamishia diski kuu VirtIO. Saa nane usiku nilipoona ukurasa wa kuingia, nilishusha pumzi.

Ceph, mfumo wa kusambaza data kwenye seva kadhaa, haikutufaa, mtandao wetu wa gigabiti 1 kwa sekunde ulizidiwa, tumerudi NFS (hifadhi ya faili ya pamoja kwenye mtandao). Seva ya uhasibu nayo imebaki kwenye mfumo wa zamani, leseni yake imefungwa kwenye mashine ya zamani. Hiyo bado sijaitatua.