Nimebadilisha namba moja kwenye linki, bosi anasema nimedukua

Wakuu, salama? Naongoza wageni mlimani, makazi Majengo, Moshi. Wiki jana kampuni inayonipa safari ilinitumia linki ya fomu ya mgeni wangu wa Machame, mwisho wake 417. Niko stendi nasubiri Hiace ijae, nikafuta 7 nikaweka 8. Ikafunguka: pasipoti ya mama wa Kijerumani, dawa zake za presha, hadi namba ya bima. Nikajaribu 419, nayo hivyo hivyo. Neno la siri sikuulizwa.

Nikampigia bosi nimtahadharishe. Ananijia juu, eti nimedukua mfumo, atanipeleka polisi. Kompyuta yenyewe sina, nina simu ya kioo kilichopasuka! Huo nao ni udukuzi?

Mangi_Kiborloni: Mlango ulikuwa wazi, kosa la mwenye nyumba. Lala usingizi.

Babu wa Sakina: Asilale kwanza. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hakidai uwe umevunja kitu. Kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Faini haipungui milioni 3, au jela si chini ya mwaka 1, au vyote. Ubishi wote uko kwenye hilo "kinyume cha sheria". 417 ulipewa. 418 ukisema kidole kiliteleza, nitakusikiliza. 419, kijana wangu, hiyo ulishajua unachungulia nini.

Marekani, Andrew Auernheimer alipigwa miezi 41 mwaka 2013. Yeye na mwenzake walibahatisha namba kwenye anwani za tovuti ya kampuni ya simu ya AT&T wakazoa barua pepe kama 114,000 za wenye iPad. Rufaa ya 2014 ikamtoa, ila kwa sababu hakupaswa kushtakiwa New Jersey. Swali lako hawakulijibu.

Bosi naye asijifanye mtakatifu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka azilinde hizo pasipoti. Mwandikie, weka tarehe. Ulipiga picha ya skrini?

Muuliza swali: Moja, ya 418. Nilimtumia bosi tu, WhatsApp. Shikamoo mzee, na kuna jingine: huyo mama anapanda Jumanne, na nimepangiwa mimi. Fomu yake sijaletewa bado. Nikimuuliza habari za presha kabla hajaitaja, si nitakuwa nimejishtaki?