Ndege wa kuwinda aliyemtoroka mwenyewe, ukamkuta mashambani: tupeane uzoefu

Mama Naima
Wapendwa, salaam. Mimi niko Lincolnshire, huku kwenye mashamba ya kabichi na viazi. Kazi yangu ni kuzungukia wazee majumbani, kwa hiyo alfajiri huwa niko barabarani peke yangu. Juzi kunapambazuka nikasimamisha gari kwenye geti la shamba ninywe chai, nikasikia njuga. Njuga kabisa, kama za ngomani. Nikajua kuna mbuzi. Kumbe juu ya nguzo ya uzio, hatua tano kutoka dirishani kwangu, kakaa ndege mkubwa wa kahawia, mabega mekundu kama kutu, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, na kila mguu una kigwe cha ngozi kinaning'inia. Akanitazama. Hakuruka. Kama ananiuliza mbona nimechelewa.

Nikamkumbuka mwewe wa bibi yangu Korogwe, yule wa kubeba vifaranga, tukimfukuza kwa kugonga masufuria. Huyu ukimgongea sufuria nadhani angekuja kukaa juu yake.

Jana yupo tena, nguzo ile ile. Mzee mmoja ninayemhudumia kaniambia huyo ni mwewe wa Harris, ndege wa kufugwa, katoroka, na anaonekana hapo tangu mavuno. Nani amewahi kukutana na jambo hili? Na nifanye nini?

Jongoo la Mvua
Picha kwanza. Bila picha ni ngano.

Mama Naima
Simu ilikuwa na chaji asilimia 2 na chai mkononi.

Jongoo la Mvua
Ndivyo huwa siku zote.

Fundi Saa
Dada, mzee wako kasema kweli. Jirani yangu hapa anafuga wawili. Asili yao ni nchi kavu za Amerika, kuanzia Arizona na Mexico mpaka huko chini Chile na Argentina, na ni ndege wa ajabu kidogo maana wanawinda kwa kundi, kama mbwa mwitu. Ndiyo maana wanazoeana na binadamu haraka, wanakuhesabu kuwa mmoja wao. Hakuja hapo kukuuliza mbona umechelewa, kaja kuuliza sungura yuko wapi.

Siri yao yote ni mizani. Kila siku anapimwa kabla ya kurushwa, kwa gramu. Akiwa na njaa kiasi anarudi mkononi kwenye glavu. Akiwa ameshiba, anakaa juu ya mti anakutazama tu, mpaka giza linaingia. Jirani alimlisha dume lake kifaranga kimoja zaidi siku ya Krismasi, tukamtafuta siku sita.

Bwana Kibokoni
Yakhe, msimwite mwewe. Mwewe ni yule mwenye mkia wa panda, mwizi wa samaki forodhani. Huyu mwenye mkia wa kunyooka ni kipanga.

Fundi Saa
Kipanga ni mdogo.

Bwana Kibokoni
Kwenu ni mdogo.

Mtoto wa Pangani
Nimesoma neno "kigwe" nikaweka simu chini. Nimerudi baada ya saa nzima.

Nilifanya kazi Ghuba miaka minne, shamba la mtu mmoja karibu na jangwa. Nilikwenda kama mtu wa ngamia, lakini yule wa kutunza kozi, wale ndege wa kuwindia, aliporudi kwao Pakistani nikaambiwa sasa ni wewe. Kozi walikuwa watano. Nikajifunza vitu vyao vyote: wakri, kile kigingi cha kukalia kilichochomekwa mchangani, mangala, ile glavu ya mviringo ya mkononi, burqa ya kuwafumba macho, tilwa, lile fungu la manyoya unalolizungusha hewani ili arudi. Kozi mmoja thamani yake ilizidi nyumba yetu na ya jirani na mnazi uliopo katikati.

Sasa ndege akiwa amekaa kwenye wakri, vile vigwe viwili vya miguuni vinaungwa kwenye kamba moja ndefu, kama mita moja, na kamba ile inafungwa kwa fundo maalumu, la mkono mmoja, maana mkono wa pili una ndege. Ukienda kumrusha unaivua. Anayeruka na vigwe tu anaweza kuishi. Anayeruka na kamba ndefu hana maisha. Hilo niliambiwa siku ya kwanza.

Alfajiri moja upepo wa vumbi, nikafunga fundo kwa haraka, nikaenda kuswali. Natoa salamu ya pili nasikia mbawa. Yule jike wa rangi ya mchanga, niliyempenda kuliko wote, alikuwa amepapatika mpaka fundo limelegea. Akapita juu ya kichwa changu na ile kamba inamfuata nyuma kama mkia wa tiara.

Tulizunguka na gari siku nne. Kifaa cha kumfuatilia hakikuwepo, kilifungwa siku ya kuwinda tu. Mwenyewe hakunitukana hata neno. Tunasimama, anazungusha tilwa, anaita, tunaondoka. Siku ya nne mchana nikawaona kunguru wanapiga kelele juu ya mti wa ghafu, mti ule wa jangwani wenye miiba. Nikajua kabla sijafika.

Alikuwa ananing'inia kichwa chini. Kamba ilijizungusha kwenye tawi mara tatu. Mbawa zimefunguka, mdomo wazi. Nikapanda kwa mikono mitupu, miiba inanichana, nikidhani namshusha maiti. Nilipomshika akageuza kichwa akaniuma kidole. Alikuwa hai. Siku nne za kupotea, jua lile, kichwa chini, na bado ana nguvu za kuuma.

Alikufa ndani ya gari kabla hatujafika barabara ya lami, yuko kwenye mapaja yangu.

Mshahara wa miezi mitatu sikuupata. Wala sikuudai.

Mama Naima, mimi si mtaalamu. Lakini hivyo vigwe usiviache.

Sauda_K
Pole sana kaka.

Kifaru Mpole
Miezi mitatu! Na wewe ukanyamaza! Hawa mabosi ndiyo tabia yao, ndege ana thamani kuliko mtu.

Mtoto wa Pangani
Sijasema hivyo. Na sitaki uzi ugeuke kuwa wa mabosi.

Salim wa Ruwi
Kifaru, usitukane watu jumla. Sisi wengine tuna wajomba huko huko wanafuga kozi na wafanyakazi wao wanakula nao sinia moja. Na Abu Dhabi kuna hospitali nzima ya kozi tangu mwaka 1999, na Imarati kozi anakuwa na pasipoti yake akisafiri. Kuna pia mpango uliobeba jina la Sheikh Zayed, tangu 1995, wa kuwaachia kozi warudi porini msimu ukiisha. Wanaachiwa kwa utaratibu, bila vigwe.

Kifaru Mpole
Ndege ana pasipoti, mimi ya kwangu nilikaa kuingoja miezi minane.

Njeri wa Leeds
Mimi kwa maoni yangu, akatwe hivyo vigwe halafu aachwe. Mnataka kumrudisha jela? Amekaa tangu mavuno, anajilisha, hasumbui mtu. Na mnajua wale vipanga wakubwa wa msituni hapa Uingereza, goshoki? Walimalizwa karne ya 19. Hawa walioko leo ni uzao wa ndege waliotoroka au kuachiwa na wafugaji, hasa miaka ya 1960 na 1970. Kama kila aliyetoroka angekamatwa, misitu ingekuwa mitupu hadi leo.

Fundi Saa
Goshoki ni wa baridi, hapa ni kwao. Harris ni wa kwenye mipungate. Na kumwachia kwa makusudi ndege asiye wa nchi hii ni kosa, sheria ya mwaka 1981. Ukishamshika ukamwachia, wewe ndiye mwenye kesi.

Njeri wa Leeds
Kwa hivyo sisi wageni sote turudishwe?

Fundi Saa
Nilijua utafika hapo.

Bwana Kibokoni
Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Hatakufa huyo.

Fundi Saa
Methali hiyo ni ya kozi aliyefundwa na mamaye. Huyu kafundwa na mtu anayemtolea vifaranga vilivyokufa kwenye friji.

Kitenge cha Goma
Nyinyi munaongelea ndege mwenye njuga, anakusalimu mbele ya kukaa. Mimi wangu hakuwa na sauti yoyote.

Mwaka 2015 nilikaa Purmerend, mji mudogo Uholanzi, kaskazini ya Amsterdam, pembeni ni majani na ng'ombe tu. Nilikuwa nafanya usafi mangaribi. Mwezi wa pili, usiku, natoka kazi, nimefunga kitenge kichwani vizuri kabisa, cha mama yangu. Ghafla kama mtu amenipiga na kiatu chenye misumari. Sikusikia mbawa, sikusikia kitu. Nilianguka magoti. Nikajua ni mwizi, nikapiga kelele "chukua sakoshi!" Nikainua macho: bundi, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, macho ya rangi ya chungwa, amekaa juu ya taa ya barabara. Na kitenge changu kiko mguuni mwake.

Wallahi kilikuwa kinapepea kama bendera.

Polisi hawakucheka, maana sikuwa wa kwanza. Alipiga wakimbiaji, mmoja akashonwa kichwa. Alipiga watu zaidi ya 50. Mji ukatuambia usiku tutembee na mwamvuli umefunguka, hata bila mvua! Wenye kujua walisema bundi wa porini anaogopa watu, huyu labda alilelewa na mtu, akatoka au akaachwa, na sasa anatuona sisi kama wenzake wa kupigania mtaa. Mwezi wa tatu wakamukamata.

Mama yangu Goma nilipomwambia, alikata simu. Akapiga tena akiwa na mchungaji.

Sauda_K
Bundi akuchukulie kilemba na bado ukabaki mji huo? Mimi ningekuwa uwanja wa ndege kesho yake.

Jongoo la Mvua
Sasa hii hadithi haihitaji picha.

Dada Asha Mbeya
Naomba niulize kwa heshima. Hicho kitenge mlikipata? Kama hakikupatikana, nenda kwa mtu akuangalie.

Kitenge cha Goma
Ni miaka mingi, dada. Nimezaa watoto watatu.

Dada Asha Mbeya
Wote wazima?

Fundi Saa
Jamani, bundi ni ndege. Yule bundi Flaco wa New York, mtu alikata wavu wa kizimba chake Februari 2023, akakaa mjini mwaka mzima anakula panya na njiwa. Februari 2024 akagonga jengo. Walipompasua wakakuta sumu ya panya na virusi vya njiwa. Hapo uchawi uko wapi?

Dada Asha Mbeya
Sumu nani aliiweka?

Mzee wa Vuga
Wanangu, hamjambo. Mimi nilikuwa mwanafunzi London mwaka 1965. Tai mmoja, akiitwa Goldie, alitoka kizimbani bustani ya wanyama ya Regent's Park, akakaa juu ya miti ya hapo hapo siku 12. Watu maelfu, magari hayapiti, na Bungeni akatajwa. Sisi vijana wa Unguja tukenda Jumapili na andazi mfukoni kumtazama. Akamla bata wa balozi wa Marekani, tukashangilia mno, sababu zetu tunazijua wenyewe. Mwisho alishushwa kwa sungura aliyekufa. Njaa, wanangu. Basi.

Njeri wa Leeds
Shikamoo mzee. Nimecheka hadi chai imemwagika.

Salim wa Ruwi
Ushauri kwa dada: mrushie koti akiwa anakula, umfunike kichwa. Akiwa gizani anatulia.

Kifaru Mpole
Usirushe koti. Atakutoa jicho.

Bwana Kibokoni
Mpe utumbo wa kuku.

Fundi Saa
Usimpe kitu, ukimshibisha mwenye kumtafuta hatampata. Tafuta mfugaji yeyote wa karibu, hata kama si wake. Aje alfajiri, ndege akiwa na njaa. Kama hamumwoni, fuateni kelele za kunguru. Mguuni ana pete yenye namba, kuna daftari la kuwaandikisha.

Mama Naima
Nimerudi, samahani, wiki ilikuwa nzito. Mzee wangu alimpigia mtu anayemjua, akaja Jumamosi na glavu na vifaranga kwenye kopo la aiskrimu. Siku ya kwanza ndege alikuwa ameshiba, kala sungura mchana uliotangulia, akatutazama kutoka juu ya mti wa jirani hadi tukaganda. Jumapili alfajiri hata glavu haijanyanyuliwa vizuri, kashatua. Ni dume, gramu 610 kwenye mizani, na yule bwana akasema ni sawasawa kabisa, huyu alikuwa anajua kuwinda. Njeri, hapo nilikukumbuka.

Ila kigwe cha kushoto kilikuwa kimeviringana na uzi wa kufungia marobota ya majani, ile kamba ya plastiki ya bluu, mrefu kama mkono wangu. Alikuwa akiruka nao.

Namba ya pete imesomeka, mwenyewe yuko wilaya ya tatu kutoka hapa, alimpoteza Agosti. Anakuja kumchukua.

Jongoo la Mvua
Picha?

Mama Naima
Nimeshika miguu ya ndege mikono yote miwili, picha nipige na nini?

Mtoto wa Pangani
Huo uzi wa bluu, mliukata?

Mama Naima
Niliukata mwenyewe, kaka, kwa mkasi wa bandeji. Na vile vigwe vya zamani pia. Yule bwana kamvalisha vipya vifupi, visivyo na tundu la kunasa kwenye tawi.