Naomba ushauri: mfuko wa kulalia ubaki mkavu Mlima Elgon

Habari zenu wanakikundi. Naandika kutoka Nakuru. Mwezi ujao tunapanda Mlima Elgon kupitia upande wa Kitale, tukilala usiku mbili kwenye hema. Begi langu la mgongoni ni la lita 45 na mfuko wangu wa kulalia ni wa nyuzi za poliesta, si wa manyoya ya bata. Peke yake unakula karibu nusu ya begi.

Nilipolala msitu wa Kakamega mvua ya alasiri ilitunyeshea saa moja hivi. Begi lilikuwa na kifuniko cha mvua, lakini maji yaliteremka mgongoni na kuingilia kwenye mikanda. Sehemu ya miguu ya mfuko ililowa na sikupata usingizi kabisa. Elgon ni juu zaidi na baridi yake ni kali, kwa hivyo kosa hilo sitaki kulirudia.

Wengi huniambia niuvike mfuko wa plastiki. Lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga za taifa. Basi nikampa fundi anishonee mfuko wa turubai jepesi. Nilipoumwagia maji, yalipenya kwenye matundu ya sindano.

Naomba mnisaidie: mishono hiyo huzibwa na nini kikashika bila kupasuka turubai likikunjwa? Na je, niukunje mfuko wa kulalia na kuuviringisha, au niushindilie tu ndani kuanzia miguuni?

Asanteni sana.