Mnara wa Chumbe: ukikarabatiwa, chokaa au saruji?

Mtoto wa Mbweni: Assalamu alaykum. Mnara wa taa wa Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, umesimama tangu 1904, mawe na chokaa. Nimepanda ngazi zote 131 juzi, nikaegemea ukuta kupumzika, chokaa ikanibaki kiganjani kama unga wa muhogo. Siku ukikarabatiwa, wapake nini? Mimi nasema chokaa. Saruji inafunga unyevu ndani, jiwe linaoza huku nje kunang'aa. Mji Mkongwe tumeshayaona hayo.

Kibirizi: Saruji, yaishe. Isitoshe mnara ni pambo tu siku hizi. Nahodha gani anautazama? Simu zina ramani.

Nahodha wa Dau: Pambo? Wewe bahari unaijulia Forodhani, urojo mkononi. Mimi nimerudi usiku wa kusi, simu imeingia maji, naipangusa kwa shati, ikazima kabisa. Kiza totoro. Nikaiona taa ya Chumbe inawaka, inazima, inawaka. Nikajua mwamba uko wapi. Niombe radhi, kisha ndio tuzungumze saruji.

Kibirizi: Siombi radhi. Ungenunua mfuko wa nailoni wa simu.

Bi Mdogo: Nyote mnatetea kitu cha mkoloni. Si Sultani aliyejenga, ni Mwingereza, ili meli zake zipite salama.

Mtoto wa Mbweni: Dada, taa haikuchagua meli. Na pale chini ya mnara upo msikiti mdogo, wa mlinzi wa taa. Mtu aliyeswali pale naye tumwite mkoloni? Taa ya gesi waliiweka 1926. Kabla ya hapo fikiria mwenyewe kazi ya yule mlinzi.

Nahodha wa Dau: Msikiti nauheshimu. Lakini tuseme na hili: tangu 1994 mwamba wa magharibi wa Chumbe ni hifadhi, haturuhusiwi kuvua. Mgeni analipa dola anapiga mbizi, mimi nikisogea nafukuzwa.

Bi Mdogo: Hapo nipo nawe, kaka!

Mwalimu wa Skuli: Nahodha, askari wa kwanza wa hifadhi ile walikuwa wavuvi wenzako. Samaki wanazaa pale, hawajui mpaka, wanatoka wakaingia nyavuni mwako. Wanafunzi wangu niliwapeleka, wengi wao watoto wa wavuvi. Mmoja hakuwahi kutia uso majini. Alipoinuka alinikamata mkono, akasema, "Mwalimu, huko chini kuna bustani." Kile kisiwa kisiguswe.

Nahodha wa Dau: Mwalimu, bustani nzuri. Na watoto wangu wale nini leo usiku, si mwakani?

Kibirizi: Sasa hapo kaka umesema. Pambo naliondoa.

Mtoto wa Mbweni: Jamani, na chokaa?

Nahodha wa Dau: Chokaa, tena ya kuroweka ikae sana. Babu yangu alikuwa na tanuri la chokaa. Saruji kwenye jiwe lile ni kulivisha koti la mvua mwezi wa kaskazi.