Matumbawe yanabanana tangini: kukata, kuacha nafasi au kutenga?

Mwambani: Tangi ni la lita 300, mwamba mmoja katikati. Ndani mna matumbawe ya aina nne, galaxea, montipora ya sahani, akropora na xenia, na yote yameanza kugusana. Lipi bora: kukata mara kwa mara, kuacha nafasi, au kutenga kila tumbawe kwenye jiwe lake?

Pweza_Bluu: Hayo manne hayana dawa moja. Galaxea usihangaike kuikata. Silaha yake ni minyiri mirefu ambayo inaweza kufika sentimita 20, na ukiipunguza mifupa, minyiri haifupiki. Iachie sentimita 25, tena uiweke mkondo wa pampu unakoishia. Ikikaa unakoanzia, maji yenyewe yataibeba minyiri hadi kwa jirani.

Kina_Kifupi: Sawa kabisa. Xenia nayo mkasi hauiwezi, kwani kijisehemu kikibaki kwenye jiwe huota upya. Itenge kwenye jiwe lililozungukwa na mchanga, angalau sentimita 10 kutoka mwambani. Kioo cha nyuma kisisahaulike, inapanda hadi huko.

Mwambani: Basi kukata ni kwa montipora na akropora tu?

Ufukweni: Ndiyo, na hapo kukata kunashinda kuacha nafasi. Sahani ya montipora hutanda bila kukoma, huziba mwanga na mkondo, uchafu hutuama chini yake na kilichopo hapo hufa. Vaa glavu na miwani, zima pampu. Sahani huvunjika kwa mkono. Akropora ikate kwa plaizi ya kukatia waya, tawi zima karibu na shina, maana ukikata ncha tu itachipua matawi mengi zaidi pale pale. Okota kila kipande kabla ya kuwasha pampu, kisije kikamwangukia jirani na kumuunguza. Vipande unavyotaka kuvitunza, vibandike kwa supaglu ya jeli.

Kina_Kifupi: Halafu alkali, yaani kabonati za majini ambazo matumbawe hujengea mifupa! Matumbawe yakipungua, matumizi ya alkali hushuka. Pampu ya dozi inayoiongeza ikiendelea vilevile, dKH (kipimo cha alkali) hupanda na ncha za akropora huungua. Pima kila siku kwa wiki nzima ukirekebisha dozi. Kwa sababu hiyo hiyo ni heri kukata kidogo kidogo kuliko kufyeka yote siku moja.

Pweza_Bluu: Na kama jiwe lolote lina palithoa, jamaa laini wa matumbawe mwenye sumu, usilisugue kwa brashi nje ya maji wala kulichemsha. Sumu yake huingia kwa mvuke, kwa macho na kwa michubuko, na inaweza kumlaza hospitali kila aliye chumbani.