Tupeane uzoefu: tuliowaunga mkono wagombea wa wastani katika mchujo wa mabunge ya majimbo, Marekani

Mwanzisha mada, Wichita, Kansas

Ndugu zangu, nawasalimu. Kila Novemba tunatumiana picha za foleni za wapiga kura, lakini wakati wa mchujo, yaani uchaguzi wa kupata wagombea wa vyama kabla ya ule wa Novemba, kimya hutanda, na mimi nimefikia kuamini kwamba kwa wengi wetu tunaoishi mahali penye chama kimoja chenye nguvu, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Tangu nihamie hapa, eneobunge letu halijawahi kumpeleka bungeni mtu asiye Mrepublican. Atakayepita Agosti ameshapata kiti, na Novemba huja kumthibitisha tu. Naomba tusimuliane: nani amewahi kumuunga mkono mgombea wa bunge la jimbo aliye tayari kukaa meza moja na wenzake wa chama cha pili, na alifanya nini hasa?

Naanza mimi. Mei 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyopunguza kodi ya mapato na kuiondoa kabisa kwa faida ya wamiliki wa aina nyingi za biashara. Agosti ya mwaka huohuo, maseneta kadhaa wa Republican wenye msimamo wa wastani waliangushwa na wenzao wa mrengo mkali katika mchujo wa chama chao, akiwemo Rais wa Seneti ya jimbo, Steve Morris. Waliobaki hawakutosha kumzuia mtu. Mapato ya serikali yakashuka, na mwaka 2015 baadhi ya wilaya za shule zilifunga mwaka wa masomo kabla ya tarehe iliyopangwa kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha. Shule ya mwanangu haikufunga, lakini ilimpoteza mwalimu wa muziki na msaidizi wa darasa, na nilianza kufuatilia ni nani hasa anayeamua bajeti ile.

Uraia niliupata mwaka 2015, na nilikuwa nimejiandikisha bila chama. Hapa Kansas asiye na chama anaweza kutangaza chama siku ileile ya mchujo na kupewa karatasi ya chama hicho, nami nilifanya hivyo tarehe 2 Agosti 2016. Kabla ya hapo nilikuwa nimejitolea wiki tano kwa mgombea mmoja, mama aliyewahi kuwa mwalimu, nikipita nyumba hadi nyumba kila Jumamosi. Jambo lililonifungua macho ni ile orodha niliyokabidhiwa. Mtaa wenye nyumba zaidi ya arobaini, orodha yangu ilikuwa na nyumba sita, kwa sababu hao ndio waliokuwa na desturi ya kupiga kura ya mchujo. Watu sita, saba, wengi wao wazee, ndio waliokuwa wakiamua kwa niaba ya mtaa mzima. Nilisimama pale barabarani na jua la Julai, nikahesabu familia za Waafrika ninazozijua katika kata ile, na zilizidi sita.

Mama yule alishinda, pamoja na wenzake wengi wa mwelekeo wake kote jimboni. Tarehe 6 Juni 2017, Warepublican wa wastani waliungana na Wademokrat kufuta sehemu kubwa ya ile sheria ya kodi, na Brownback alipotumia kura ya turufu, waliishinda: 88 kwa 31 katika Baraza la Wawakilishi, na 27 kwa 13 katika Seneti. Turufu hushindwa kwa theluthi mbili, yaani angalau maseneta 27 kati ya 40. Angekosekana mmoja, turufu ya gavana ingesimama, na kila mmoja wa wale 27 aliwahi kupita mahali fulani katika mchujo ambao watu wachache walijitokeza.

Baba Furaha, Lexington, Kentucky

Shukrani, mwanzisha mada. Simulizi yangu ni ya kushindwa, na naiandika ili wengine wasiirudie. Sisi Wakongo tuko wengi hapa Lexington, na ukiingia sokoni au kanisani utasikia Kiswahili kila upande. Nilipoapishwa kuwa raia nilijiandikisha nikaweka alama ya kutokuwa na chama, kwa kuwa mtu aliyeona vyama vikigeuka vikosi vya silaha hakimbilii kujiita wa chama fulani. Mei iliyofuata nilikwenda kumpigia kura mgombea mmoja wa bunge la jimbo, mtu mwenye utulivu, ambaye alikuja mara mbili kutusikiliza kuhusu leseni za wauguzi waliosomea nje. Kituoni waliniambia kwamba hakuna karatasi ya kiti kile kwa mtu asiye na chama. Kentucky mchujo ni wa wanachama waliojiandikisha peke yao, na anayetaka kubadili chama lazima awe amefanya hivyo kabla ya kumalizika tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimechelewa kwa karibu miezi mitano. Mgombea wetu alishindwa kwa kura chache sana, na kati ya waumini wenzangu waliokuja kumsikiliza, niliohesabu waliorudishwa kama mimi walikuwa kumi na mmoja.

Siku hizi, kuanzia Novemba, baada ya misa tunaweka meza nje ya ukumbi. Hatumwambii mtu achague chama gani. Tunamweleza kwamba asipochagua kabla ya mwaka mpya, kura ya Mei haitamfikia.

Mkaazi wa Anchorage, Alaska

Huku hali ni tofauti kabisa. Wapiga kura walipitisha mwaka 2020 utaratibu uliotumika kwanza mwaka 2022: wagombea wote wa vyama vyote huwekwa katika karatasi moja ya mchujo, wanne wa juu wanasonga mbele, kisha Novemba unawapanga kwa kipaumbele, wa kwanza hadi wa nne. Mgombea wa wastani haogopi tena kwamba kundi dogo la chama chake litamzika Agosti. Baada ya uchaguzi ule wa 2022, maseneta 17 kati ya 20 wa vyama vyote viwili waliunda muungano wa kuongoza Seneti pamoja. Mwaka 2024 kulikuwa na kura ya kuufuta utaratibu huu, na ulinusurika kwa tofauti isiyofika kura elfu moja jimbo zima. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga simu jioni baada ya kazi, na kila nikikumbuka tofauti ile, najua zile jioni hazikupotea.

Mama Neema, Fort Worth, Texas

Texas hatujiandikishi kwa chama. Unaamua Machi siku ya mchujo. Lakini ukishachukua karatasi ya chama kimoja, duru ya pili ya Mei huwezi kuhamia kingine, na ndugu wengi hugundua hilo wakiwa kituoni. Mwaka 2024 Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, Dade Phelan, aliyelaumiwa na wapinzani wake ndani ya chama kwa kuwapa Wademokrat uenyekiti wa baadhi ya kamati, alivuka duru ya pili kwa tofauti isiyofika kura 400. Desemba aliacha kuutafuta uspika, na bunge jipya lilipoketi Januari 2025 likapitisha kanuni kwamba wenyeviti wa kamati watatoka katika chama chenye wingi tu.

Nina jambo linalonisumbua. Dada yangu ananiuliza kama ni uaminifu kuchukua karatasi ya chama ambacho Novemba sitakipigia kura. Mwanzisha mada, wewe uliliamuaje?

Mwanzisha mada, Wichita, Kansas

Mama Neema, nililiwaza sana. Nilijiuliza kama ninakwenda kumchagua mtu dhaifu ili chama kile kianguke baadaye, na hilo kwangu ni hila, nisingelifanya. Nilimpigia kura mtu niliyetaka kwa dhati aniwakilishe, na Novemba nikampigia tena. Mwambie dada ajipime hapo.

Mtanzania wa Minneapolis, Minnesota

Naomba nitoe tahadhari, kwa heshima ya waliotangulia. Hapa vyama huidhinisha wagombea katika mikutano ya wajumbe kabla ya mchujo wa Agosti, na aliyezoea kura za maoni kwetu Tanzania ataelewa haraka kwamba kujulikana na wajumbe kunatangulia kujulikana na wananchi. Nilimpigania mjumbe kwa mjumbe mgombea mmoja aliyejiita wa wastani. Alikuwa mpole, msikivu, hakumtukana mtu. Alipofika bungeni, katika miaka miwili hakuweka jina lake kwenye mswada hata mmoja wenye maana pamoja na mtu wa chama cha pili. Upole wake ulikuwa wa tabia, haukuwa wa kazi. Nilihuzunika, maana niliwapelekea watu jina lake kwa kinywa changu.

Tangu hapo, mgombea aliyewahi kushika kiti namfuatilia kwanza katika tovuti ya bunge la jimbo, ambako kila mswada huonyesha majina ya waliouwasilisha. Asiyewahi kushika kiti namuuliza ana kwa ana: ni jambo gani moja ambalo chama chako kinalikataa na wewe utalikubali? Akianza kuzunguka, namshukuru na kuondoka. Mambo haya hayakuwa ya nadharia hapa: uchaguzi wa 2024 uliacha Baraza letu la Wawakilishi likiwa 67 kwa 67, na mbunge asiyejua kuandika mswada na mwenzake wa upande wa pili alikuwa hana la kufanya.

Mgeni wa mada, Des Moines, Iowa

Shikamooni. Mimi nina kadi ya ukaazi wa kudumu, uraia bado miaka miwili. Nimeguswa na habari ya orodha ya nyumba sita. Je, naruhusiwa kusaidia, au nikae mbali kabisa?

Mwanzisha mada, Wichita, Kansas

Marahaba, mdogo wangu. Kupiga kura usijaribu kwa namna yoyote, wala usijiandikishe hata mtu akikuletea fomu mlangoni kwa nia njema, kwa sababu kosa hilo linaweza kukunyima uraia na kukurudisha ulikotoka. Kujitolea bila malipo unaruhusiwa: kupita nyumba hadi nyumba, kupiga simu, kutafsiri vipeperushi kwa Kiswahili. Mchujo wa Iowa ni mwezi Juni, kwa hiyo kampeni zitaanza kutafuta watu mapema. Ukipata mgombea, muulize swali la ndugu wa Minneapolis kabla hujaichukua orodha yake, kisha urudi hapa utusimulie alijibu nini.